Niliwaita Dada

Jumatano, 8 Septemba 1999

Baridi. Nimepanga vitabu vya maktaba hadi saa kumi na moja. Vitatu havina majalada. Makena, tunayekaa dawati moja, alikuja kunisaidia, akaketi juu ya meza, akasoma magazeti ya zamani na kucheka peke yake. Sikumfukuza.

Kisha kwa Madam Han, kumwagilia kabichi zake ndefu. Anatufundisha Sayansi na Kilimo. Anatoka Korea. Huu ni mwaka wake wa pili hapa Kibirichia na watoto wa sokoni bado wanamwita Mchina. Huwajibu kwa Kimeru: Mchina hayuko, amerudi kwao. Wanaanguka kwa kicheko kila mara.

Leo amepata kifurushi. Kaseti ya video na barua kutoka kwa mdogo wake, Su-jin. Umri wake miaka ishirini na miwili, anasomea kutengeneza filamu huko Seoul. Hii ni filamu yake ya kwanza, dakika kumi na nne. Anaomba mtu asiyemjua aitazame, kisha aandike alichokiona. Si kusifu. Alichokiona tu.

Madam Han anasema mtu huyo ni mimi, kwa sababu ya insha zangu. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Jumamosi, 11 Septemba

Nimeiona.

Shule imemwazima Madam Han mashine ya video aijaribu kabla ya mafunzo ya wakulima. Tuliketi mlango ukiwa wazi, kuku wakiingia na kutoka. Hata yeye alikuwa hajaitazama.

Wanawake wawili juu ya paa la nyumba. Beseni jekundu. Wanatia chumvi kabichi, jani kwa jani, kwa ajili ya majira ya baridi. Hawazungumzi sana. Mmoja anaolewa kesho. Mwingine anajikata kidole na chumvi inaingia kwenye kidonda. Yule wa kwanza anakipuliza, kisha anakiweka shavuni mwake na kukiacha hapo. Anakiacha muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mwishoni wanasimama na kubusiana mdomoni, mara moja, kama watu waliochoka. Yule wa kuolewa anashuka ngazi na beseni lake. Mwingine ananawa mikono. Basi.

Hakuna muziki. Hakuna aliyepigwa wala kufa. Sikujua filamu inaweza kuwa hivyo.

Madam Han alizima mashine, akaanza kumenya viazi ambavyo hatukuvihitaji. Baadaye alinitafsiria ukurasa wa pili wa barua. Su-jin na wenzake watatu, kila mmoja na filamu fupi, zote kuhusu watu wa namna hii. Moja ni ya askari wawili kwenye lindo wanaogawana kiazi kimoja cha kuchoma. Nyingine ni ya kijana anayempigia mwenzake simu kila jioni na kukata kabla hajasema neno. Ya nne haijaisha. Chuo kiliwapa ukumbi. Siku ya onyesho wakakuta kufuli mlangoni. Wakahamia ghorofani, juu ya mkahawa wa tambi, wakatundika shuka ukutani, watu wakakaa sakafuni.

"Hakuniambia," Madam Han alisema. "Mimi dada yake. Ameliambia shuka kwanza."

Pamoja na kaseti kulikuwa na karatasi moja yenye maneno yote ya filamu kwa Kiingereza. Amenipa niitumie ninapoandika.

Jumapili, 12 Septemba

Kanisani sikusikia chochote.

Mwaka jana wasichana wawili walifukuzwa katika shule moja ya bweni huku juu. Majina yao yalisomwa paredi. Mmoja sasa anauza mboga na hainui uso. Mama yangu alipopata habari alisema, "Heri angekufa akiwa mdogo." Alisema huku akichuja chai, kwa sauti ya kawaida.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nyumbani hakuna anayekitumia, na mama hakisomi. Basi niandike. Ninapomtazama Makena ninakuwa kama yule mwenye kidonda. Nimekuwa hivi tangu kidato cha pili. Nilidhani ni mimi peke yangu duniani. Sasa najua kuna watu wanne Seoul, na waliokaa sakafuni.

Sifuti.

Alhamisi, 16 Septemba

Nimejaribu kumwandikia Su-jin mara tatu. Kila mara inakuwa insha ya mtihani. Utangulizi, mwili, hitimisho. Nimezichana.

Makena anahamia Embu. Atafanya kidato cha nne huko, kwa mjomba wake Kianjokoma. Aliniambia tukitafuna mahindi.

"Si utanikosa?" akauliza.

Nikasema kutakuwa na nafasi zaidi kwenye dawati.

"Aki wewe!" akanipiga bega. "Moyo wako ni wa jiwe la kule Ruiri."

Mimi ni mjinga.

Alhamisi, 23 Septemba

Madam Han ana mkutano wa walimu. Nina ufunguo kwa ajili ya kabichi. Niliingia, nikachomoa kaseti ya mafunzo ya wakulima iliyokuwa mashineni, nikaiweka ya Su-jin, nikaitazama tena. Mara ya pili sasa, na mara ya kwanza bila ruhusa. Nilitaka kuona lile shavu.

Mlango ukabishwa. Makena, amekuja kuniita mazoezi ya kwaya. "Nkatha! Umelala huko kwa Mchina?" Nilichomoa kaseti, nikaitia ndani ya kasha lililokuwa karibu, nikafunika mashine na kitambaa. Nilitoka nikiwa na jasho. Makena akasema nimeng'aa kama mwizi wa maziwa.

Jumamosi, 25 Septemba

Niandike yote kwa mpangilio.

Mafunzo ya mbegu za viazi yalikuwa saa nne asubuhi, ukumbi wa kanisa. Madam Han alikwenda Meru mjini na lori la chama cha wakulima kuchukua mbegu. Aliniachia kazi: nipeleke kaseti ya mafunzo kutoka Korea, nisome karatasi yake ya Kiingereza na kuisema kwa Kimeru. Kasha la kijani. Maandishi yote ni ya Kikorea, hakuna mtu Kibirichia anayeweza kuyasoma zaidi yake. Nilichukua kasha la kijani. Nililibeba kwa mikono miwili.

Ukumbi ulijaa. Mzee M'Ikiara, mwenyekiti wa chama, aliomba dua. Bwana Mutwiri, naibu wa mwalimu mkuu, akatia kaseti mwenyewe na kuketi kando ya mashine kama mlinzi. Mimi nikapewa kipaza sauti.

Nikaanza: "Kwanza tunatenga mbegu zilizooza."

Kwenye kioo cha televisheni, paa. Beseni jekundu. Kabichi.

Nilijua papo hapo. Alhamisi. Makasha mawili mezani, na mikono yangu hii.

"Hiyo si waru, si viazi," mtu akasema.

"Ni kabichi, kwani huoni?" Mama Kanana, anayeuza mboga sokoni. "Nyamaza tuone wenzetu wanafanyaje."

Nilisema tumekosea kaseti. Nilisema kipaza sauti kikiwa kiunoni. Bwana Mutwiri akanipungia mkono. "Wacha iendelee. Kabichi si kilimo?"

Msimu uliopita malori hayakuja na kabichi zilioza Kibirichia nzima. Sasa watu wakavuta viti mbele. "Anatia chumvi kila jani!" "Hiyo itakaa mpaka lini?" "Nkatha, mbona umenyamaza? Msichana anasema nini?"

Msichana alikuwa anauliza kama harusini wamealikwa watu wengi. Mimi nikasema anauliza kama chumvi imefika chini. Nikasema kabichi hulala kwenye chumvi usiku mmoja. Hilo ni kweli, Madam Han amenifundisha. Mzee M'Ikiara akaandika kwenye daftari lake. Nikaendelea. Nilikuwa nikisema chumvi na macho yangu yako kwenye saa ya ukutani, kwa sababu filamu hii naijua. Dakika ya tisa, kidole. Ya kumi na mbili, wanasimama.

Waya wa umeme ulikuwa hatua nne kutoka nilipo. Ningeweza kujikwaa nao makusudi. Sikwenda. Sijui kwa nini. Labda nilitaka waone.

Kidole kilipokatika wanawake walisema "woi". Kilipopulizwa wakacheka. Kilipowekwa shavuni kicheko kikapungua. Kisha wakasimama. Kisha lile busu.

Nilisikia mashine ikizunguka. Mvulana nyuma akapiga mluzi.

"Ni nini hiyo sasa?" Bwana Mutwiri akasema, na mkono wake ukaenda kwenye kitufe. Akageuka kunitazama. Ukumbi wote ukanitazama. Nikaona akilini Madam Han akipanda gari na masanduku yake. Nikasikia jina langu likisomwa paredi.

Nikainua kipaza sauti hadi mdomoni. "Ni dada yake," nikasema. "Ni dada yake mkubwa. Anaolewa mbali. Kwao ndugu huagana hivyo."

Nyanya yake Makena, aliyekaa mbele kwa sababu ya masikio, akagonga bakora sakafuni. "Hata mimi! Siku niliyoolewa, baba yangu alinibariki kwa mate. Mate ya kinywani mwake, hapa kifuani. Mnacheka nini, watoto wa siku hizi? Hiyo ni baraka."

Ukumbi ukapumua. "Kumbe!" "Hata wao wana baraka!" Wakati yule mwenye kidonda ananawa mikono, Mama Kanana alikuwa anafuta machozi kwa leso. Wakapiga makofi.

Makena alikuwa mlangoni na birika la chai. Hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama mimi, si kioo.

Jumapili, 26 Septemba

Mhubiri amewatumia wale wawili kama mfano. Upendo wa ndugu. "Mliwaona wale dada wawili jana?" Watu wakasema amina. Mama akanigusa goti kwa fahari.

Jumatatu, 27 Septemba

Madam Han anajua kila kitu. Nilimwambia mwenyewe kabla ya kengele, pamoja na Alhamisi na ufunguo. Alicheka kwanza, aliposikia kuhusu chumvi na daftari la Mzee M'Ikiara. Halafu akaacha kucheka.

"Umeniokoa," akasema. "Asante." Akafungua dirisha, akalifunga. "Wale waliofunga ukumbi kwa kufuli walijua kilichomo ndani. Angalau walijua."

Hakunidai ufunguo. Niliuweka mezani mwenyewe.

Mchana Bwana Mutwiri akaniita ofisini. Anataka karatasi ya Kiingereza ya filamu ile. Anasema ni kwa ajili ya faili. Anasema pia, polepole, kwamba yeye ana dada watatu. Niilete kesho.

Jumanne, 28 Septemba

Nimeandika karatasi nyingine.

Niliketi maktaba saa ya michezo na mashine ya taipu ya shule. Kwenye karatasi ya kweli, mwisho, mwenye kidonda anasema: Ningekuomba ubaki, ungebaki? Na mwenzake: Usiniombe. Mimi nikaandika: Dada, utakuja kututembelea? Nitakuja Krismasi, dada. Niliongeza mama mgonjwa. Niliongeza salamu kwa shangazi. Imekuwa nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba imekuwa nzuri.

Bwana Mutwiri aliisoma mara mbili, akitembeza kidole chini ya mistari. "Krismasi," akasema. "Kumbe ni Wakristo." Akaitia kwenye faili. Akasema nina Kiingereza safi, nisome sheria.

Karatasi ya kweli iko ndani ya karatasi niliyofunikia atlasi yangu. Nikisogea dawatini inalia. Nadhani kila mtu anaisikia.

Jumamosi, 9 Oktoba

Mvua. Tumepanda viazi vya shamba la chini. Mama, mimi na ng'ombe anayetaka kuingia.

Makena hajaniambia lolote kuhusu siku ile. Yeye, anayeongea kuhusu kila kitu. Anakaa dawatini, anakopa rula, anarudisha. Jana nilimwuliza kama ana hasira.

"Hasira ya nini?" akasema. "Kwani umefanya nini?"

Ameelewa, na ananichukia. Au hakuelewa, na nimezua mambo. Yote mawili ni mabaya.

Jumapili, 17 Oktoba

Wanawake wa kanisa la Ruiri waliiomba filamu. Mhubiri aliwaahidi. Madam Han hakuweza kukataa bila kutoa sababu. Nilipelekwa na mashine nikasimulia tena.

Safari hii sikutetemeka. Nilijua mahali pa kushusha sauti. Dakika ya tisa nilisema "dada yake anaumia akiumia yeye", na wakalia hata kabla ya mwisho. Mmoja alinipa kuku.

Nimekuwa hodari. Kila nikiisimulia, ile ya kwanza inafifia. Leo, kwa muda mfupi, niliona kweli dada wawili. Niliogopa kuliko siku ya ukumbi.

Alhamisi, 28 Oktoba

Barua ya Su-jin. Madam Han alinitafsiria uani, akipanga mbegu za viazi zilizobaki kwenye rafu za mwanga ili zichipue. Walionyesha tena mahali pengine, tena kwa shuka. Mwanamke mmoja alitoka katikati na kuubamiza mlango kwa nguvu. Su-jin ameandika kwamba hata mlango huo ameuhesabu kuwa jibu. Anauliza: na yule mtazamaji wa Kenya aliona nini?

"Nimjibu nini?" Madam Han akauliza. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza kweli.

Nilisema nitaandika mwenyewe. Sijaandika.

Alhamisi, 11 Novemba

Kesho shule inafungwa. Makena anaondoka Jumamosi.

Nilikuwa nageuza mbegu kwenye rafu, uani kwa Madam Han, chipukizi fupi za kijani zitazame nje. Makena alikuja bila kubisha. Alikuwa amevaa sweta ya dada yake Karimi, aliyeolewa Timau mwezi wa nne. Akachukua kiazi, akakizungusha mkononi.

"Nkatha. Wale watu wa kabichi. Ni dada?"

Nilikuwa na jibu. Nimelisema katika kumbi mbili na ofisini. Lilikuwa tayari mdomoni.

"Nyanya yangu anasema ni baraka," akaendelea. "Amewaambia mpaka daktari wa meno. Lakini mimi nina dada. Karimi alipoolewa nililia mpaka nikatapika, si ulikuwepo? Nililia, lakini sikumtazama vile."

Kuku wakapita. Sikuweza kuinua macho.

"Si dada," nikasema.

"Nilijua."

"Umekasirika?"

"Nimekasirika ulinidanganya pamoja na hao wengine wote. Mimi pia. Kama vile mimi ni Mutwiri."

Nilikwenda darasani, nikachana karatasi ya atlasi, nikarudi na ile ya kweli. Mikono yangu ilikuwa na udongo wa mbegu, ikaacha alama. Karatasi hiyo inaweza kumfukuzisha mwalimu. Inaweza kunifukuzisha mimi. Nilimpa. Aliisoma akiwa amesimama, polepole, midomo ikisogea. Alipofika mwisho alirudi nyuma kidogo na kusoma tena.

"Usiniombe," akasema. Sikujua kama anasoma au anazungumza nami.

Kisha: "Naweza kuenda nayo Embu?"

Nikasema ndiyo.

Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya soksi. Akaniwekea kiazi kwenye rafu, chipukizi ikitazama nje, jinsi inavyotakiwa. Akaondoka.

Sikulia. Niligeuza mbegu zote hadi mwisho.

Jumatatu, 15 Novemba

Asubuhi ya wingu. Mama ameenda shamba la chini kupalilia. Nimebaki na nyumba.

Jumamosi nilimsindikiza Makena na nyanya yake hadi barabarani. Nyanya yake alimtemea mate kifuani, kama zamani, na Makena akacheka huku akijifuta. Mimi nilimpa mkono. Aliushika muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Leo nimemwandikia Su-jin. Nusu ukurasa. Nimemwambia kuhusu kaseti na makasha. Nimemwambia kwamba katika kumbi mbili watu walilia na kupiga makofi, na kwamba makofi hayo asiyahesabu, ni yangu, niliyapata kwa uongo. Nimeomba radhi. Kisha nimeandika kwamba kulikuwa na mtu mmoja mlangoni, na birika mkononi, aliyeiona filamu yake yenyewe licha ya maneno yangu. Nimenakili alichosema, neno kwa neno: nililia, lakini sikumtazama vile.

Chini yake nimeandika: Nami pia niliona hivyo, siku ya kwanza.

Nimetia sahihi kwa jina langu lote. Madam Han ataituma pamoja na yake.

Sasa namenya viazi vya mchana. Nimejikata kidogo, kidole cha shahada. Chumvi iko karibu na sufuria. Nimekipuliza mwenyewe.